Mikono Iliyoachwa Nje ya Matini: Nyuzi, Mwili wa Mwanamke na Ukimya wa Uhakiki Wetu

Utangulizi

Makala haya yana chanzo chake katika kikao kimoja cha jopo la uzamili, katika chuo ambacho hatutakitaja kwa kuwa yaliyotendeka pale yangeweza kutendeka katika idara yoyote ya fasihi nchini. Mwanafunzi mmoja wa kike alileta pendekezo la utafiti. Azma yake ilikuwa kuchunguza ukili, kiondo na leso kama kazi za kisanaa zinazousawiri mwili wa mwanamke, na kuzilinganisha na sanamu za nyuzi zilizochipuka Ulaya na Marekani katika miaka ya 1960. Alikuwa ameketi na wasusi mwaka mzima, na istilahi zao zilikuwa zimejaza daftari mbili. Hakufika ukurasa wa tatu. Mwanajopo mmoja alimkatiza akamshauri mambo hayo ayapeleke sayansi kimu. Jopo likacheka. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa wanajopo. Hakucheka, lakini pia hakusema neno.

Ukimya ule ndio tunaokusudia kuuvunja hapa. Tunashikilia kwamba uhakiki wetu wa fasihi ya Kiswahili umejengwa juu ya kazi ya mikono ya wanawake, umekopa msamiati wake wote muhimu kutoka kwa kazi hiyo, na bado unaifukuza mlangoni kila inapobisha hodi. Aidha, tunashikilia kwamba hata wale wanaojitokeza kuitetea, hususan baadhi ya wahakiki wanaojinasibisha na ufeministi, huitetea kwa namna inayoizika upya.

Hoja za wapinzani wetu zilizosikika siku ile, na ambazo husikika aghalabu katika makongamano, ni tatu. Ya kwanza: kazi ya mikono ina matumizi, na chenye matumizi si sanaa bali ni kifaa. Ya pili: kazi hiyo hurudia ruwaza za jadi, haina mtunzi, na pasipo mtunzi hapana ubunifu. Ya tatu: nyuzi si lugha, na idara ya fasihi haishughulikii kisicho lugha. Tutazijibu kwa kuanza na ya tatu, maadamu ndiyo inayojitapa kuliko zote.

Kutunga, Kusuka, Kufuma

Wanaotuambia kwamba nyuzi si lugha na watueleze maana ya kitenzi kutunga. Mshairi hutunga shairi. Kwa sababu hiyo tunamwita mtunzi, na kazi yake tunaiita utungo. Lakini kabla ya kufika kwa mshairi, kitenzi hicho kimo mikononi mwa mwanamke anayetunga shanga, akipitisha uzi katika tundu moja baada ya jingine mpaka mkufu ukamilike. Tena kimo mwilini mwake, kwa kuwa mimba nayo hutungwa. Shanga, mimba na shairi: Kiswahili kimeyaweka mambo hayo matatu chini ya kitenzi kimoja pasi na haya wala maelezo. Anayetaka kuutenga utungo na mkono na mwili wa mwanamke hana budi kwanza kuitenga lugha hii na nafsi yake.

Si kutunga peke yake. Tunawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza msuko wa riwaya. Tunasema kwamba mwandishi amesuka visa vyake kwa ufundi, au kwamba matukio yamefumwa yakafumika. Neno la Kilatini textus, lililo asili ya dhana ya matini katika lugha nyingi za Ulaya, lilimaanisha kitu kilichofumwa. Kwa hivyo hata wanaodai kwamba wameichota nadharia yao huko nje wamekuta kitanda cha mfumaji kimewatangulia.

Tutajibiwa kwamba hizo ni sitiari tu. Naam, ni sitiari. Lakini mhakiki gani asiyejua kwamba sitiari haieleweki kwa mtu asiyekijua kifananishi? Tumekuwa tukilitumia neno msuko kama tafsiri ya dhana ya Kizungu, kisha tukachora ubaoni kilima chenye mpando, kilele na mteremko. Kilima hicho si msuko hata kidogo. Aliyewahi kumtazama mwanamke akisuka ukili anajua kwamba miyaa haipandi wala haishuki. Mwaa mmoja huingia chini ya mwingine, ukapotea machoni, kisha ukajitokeza upande wa pili mahali ulipokuwa ukingojewa na vidole. Msusi huiona ile inayoonekana na kuikumbuka ile iliyofichika. Akiisahau mmoja tu, ukili wote hupotoka. Hii ni nadharia kamili ya usimulizi: kisa ni mpangilio wa kinachozama na kinachoibuka, na umahiri wa msimulizi umo katika kuibeba kumbukumbu ya kile ambacho msomaji hakioni kwa sasa. Tendi zetu ndefu, ambamo jambo hutajwa, likaachwa na kurejelewa baada ya beti nyingi, zingehakikiwa vizuri zaidi kwa nadharia hii kuliko kwa kilima cha kigeni. Mwanafunzi yule alikuwa nayo katika daftari zake. Sisi tulimpeleka sayansi kimu.

Chenye Matumizi

Hoja ya kwanza, kwamba chenye matumizi si sanaa, inashangaza inapotoka kinywani mwa wahadhiri wa Afrika Mashariki. Je, tumesahau upesi hivyo? Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Mojawapo ya vikwazo ilivyokabiliana navyo fasihi simulizi ni madai kwamba haikuwa fasihi kwa kuwa ilikuwa na matumizi: wimbo ulikuwa wa kutwangia, bembea ya kumbembelezea mtoto, tenzi za kuwafunzia mwari adabu. Kizazi kilichotutangulia kilijibu, na kikajibu vyema, kwamba sanaa ya Kiafrika haikujitenga na maisha, na kwamba matumizi si kasoro ya sanaa bali ni makao yake. Ushindi huo ndio uliotupatia kazi tunazozifanya na mishahara tunayoilalamikia.

Hebu tuutazame ushindi huo kwa jicho kali. Tulikwenda mashambani na kinasa sauti. Tulimketisha bibi kizee kwenye mkeka tukamwomba hadithi. Alisimulia, nasi tukanakili, tukatafsiri, tukachapisha. Nyanya mzaa mama wa mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wa wasimulizi wa aina hiyo, kisiwani Pate. Hakuwahi kusimulia hadithi mikono mitupu. Alikuwa akisuka ukili tangu mwanzo wa kisa mpaka mwisho. Mahali pa taharuki mikono ilisimama, na mahali pa nyimbo vidole viliongeza kasi. Katika kanda tulizonazo, mwatiko mdogo wa miyaa husikika nyuma ya sauti yake. Tulipozinakili kanda hizo tuliuita kelele. Tuliichukua sauti tukaiacha mikono, kisha tukarudi mjini kutangaza kwamba tumeihifadhi fasihi nzima.

Sasa tuangalie upande wa pili wa dunia. Magdalena Abakanowicz, aliyezaliwa Poland mwaka 1930 na kufariki mwaka 2017, alianza katika miaka ya 1960 kufuma vitu vikubwa ambavyo havikuwa mazulia ya ukutani wala nguo. Vilining'inia kutoka darini, vikasimama katikati ya chumba, mtazamaji akavizunguka na pengine akaingia ndani yake. Viliitwa Abakani, kutokana na jina lake. Mwaka 1965 alipata medali ya dhahabu katika maonyesho ya São Paulo. Ile Abakani nyekundu ya mwaka 1969 ina kimo na upana wa takriban mita 4. Na je, iliundwa kwa nini? Kwa mkonge. Abakanowicz aliokota kamba kuukuu za meli bandarini, akazifumua, akazitia rangi na kuzifuma upya.

Mkonge ni mmea tunaoujua. Haukuwa wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta kutoka Florida katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika; baadaye ukaenea katika mashamba ya walowezi hapa Kenya, kuanzia Thika hadi Voi na Vipingo. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, ndiyo iliyoongoza ulimwengu kwa uzalishaji wake. Wanawake wa Ukambani na wa Ugikuyu, ambao awali walisokota nyuzi kutokana na magome ya miti, waliuchukua mmea huo wa mlowezi wakaufanya uzi wa kiondo. Hatudai kwamba kamba za Abakanowicz zilitoka Tanga. Tunachodai ni kwamba ni nyuzi zilezile, zenye ugumu uleule na harufu ileile, zilizosokotwa na kufumwa kwa mikono ya wanawake. Nyuzi hizo zikining'inia katika jumba la Tate Modern mjini London, kama zilivyoning'inia kati ya mwaka 2022 na 2023, zinaitwa sanamu. Zikining'inia begani mwa mama anayetoka sokoni Machakos zinaitwa mzigo. Tofauti haimo katika nyuzi wala katika kazi ya kuzifuma. Imo katika dari zinamoning'inia. Uhakiki unaokubali kwamba dari ndiyo inayofanya sanaa umejiuzulu.

Hatusemi kwamba kiondo na Abakani ni kitu kimoja. Abakani iliondoa matumizi kwa makusudi ili mtazamaji akabiliane na uzi wenyewe, uzito wake na giza lililomo ndani yake. Huo ni uamuzi wa kisanaa nao una thamani. Lakini kuyabakiza matumizi nako ni uamuzi wa kisanaa. Mfumaji wa kiondo hufanya kazi akijua kwamba umbo lake litakamilika litakapojazwa viazi, mkanda utakapokaza kwenye paji la uso na mgongo ukainama. Anauumba mwili wa mtu mwingine ambao bado haupo mbele yake. Mtunzi wa wimbo wa kutwangia hufanya vivyo hivyo, nasi hatuoni haya kumwita msanii.

Jina la Aliyefuma

Hoja ya pili inadai kwamba kazi hizi hazina mtunzi kwa kuwa hurudia ruwaza za jadi. Tunawauliza wanaosema hivyo: shairi la tarbia nalo je? Mizani 16 katika kila mshororo, 8 kwa 8, vina vya kati na vya mwisho, beti baada ya beti, karne baada ya karne. Tunapomhakiki mshairi wa tarbia hatusemi kwamba hana ubunifu kwa sababu hakuivumbua bahari yake. Tunauliza amefanya nini ndani ya mipaka hiyo. Mbona swali hilohilo halimfai msusi? Nenda katika soko lolote la viondo, wakusanye wanawake 5 wanaofuma, uwaonyeshe kazi zilizochanganywa. Watakuambia huu ni mkono wa fulani: hukaza mno shingoni, hupenda kuingiza uzi mweusi mapema, hufunga kitako kwa namna aliyofunzwa na mama yake. Mtindo upo, na wasomaji wa mtindo huo wapo. Wasioweza kuusoma ni sisi.

Jina halikukosekana, liliondolewa. Anayeliondoa ni mnunuzi ambaye hununua kwa kipimo cha dazeni, na mtaalamu wa utamaduni anayeandika chini ya picha kwamba hiki ni kiondo cha Wakamba, kana kwamba kabila zima lilikaa chini likasokota uzi. Mfano mkali zaidi uko nje ya kwetu. Msanii wa Italia Alighiero Boetti, aliyefariki mwaka 1994, alijulikana kwa ramani kubwa za dunia zilizotariziwa kwa nyuzi za rangi kuanzia mwaka 1971. Waliozitarizi ni wanawake wa Afghanistan. Makumbusho yameandika jina la Boetti. Sindano hazikuwa zake. Kuna wanaosema kwamba wazo ndilo lililo sanaa na kwamba mkono ni chombo tu. Iwapo ndivyo, basi tuwe wakweli tuseme pia kwamba msimulizi wa hadithi ni chombo tu, na kwamba mtunzi ni profesa aliyemnasa sauti. Mwenye ujasiri wa kulisema hilo hadharani na ajitokeze.

Dharau hii haikuanzia kwetu, wala wanawake wenyewe hawakusalimika nayo. Katika shule ya Bauhaus, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1919, wanafunzi wa kike walisukumwa kuelekea karakana ya ufumaji hata walipotamani fani nyingine. Anni Albers, aliyekuja kuwa mfumaji mashuhuri kupindukia, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1969 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yaliandaa maonyesho ya kazi za nyuzi. Mchongaji Louise Bourgeois aliyahakiki katika jarida la Craft Horizons, akashikilia kwamba kazi zile hazikujinasua vya kutosha na upambaji. Bourgeois huyo alizaliwa mwaka 1911 katika familia iliyokarabati mazulia ya ukutani nchini Ufaransa, na alipokuwa mtoto alichora miguu iliyolika ili mafundi waifume upya. Uzeeni, kuanzia miaka ya 1990 hadi kifo chake mwaka 2010, alizikata nguo zake kuukuu, taulo na shuka, akashona vichwa na miili ya wanawake. Kile alichokiita upambaji kikawa ndicho chombo chake cha mwisho cha kusema juu ya mama, uchungu na uzee. Hatumtaji ili kumsuta. Tunamtaja kwa sababu ukaidi wa jopo letu ulimpata hata yeye, naye akaushinda kwa mikono yake mwenyewe.

Mwili Usio Sitiari

Tumefika mahali ambapo hatuna budi kuwakosoa marafiki zetu. Kuna uhakiki wa kifeministi, unaozidi kushamiri katika tasnifu zetu, ambao ukiona kitu cha mviringo hukiita tumbo la uzazi. Kiondo ni tumbo la uzazi. Chungu ni tumbo la uzazi. Kawa la kufunikia chakula ni titi. Uhakiki huo hujiona umeutukuza mwili wa mwanamke, ilhali umeurudisha katika lile chumba alimofungiwa na wanaume: kuzaa, kupokea, kunyamaza. Abakani nyekundu nayo imesomwa mara nyingi kama uke uliofumwa. Abakanowicz mwenyewe hakuridhia kazi zake zifungiwe katika tafsiri ya kijinsia. Wako waliomwona mwoga kwa hilo. Sisi tunamwona alikuwa na haki, na ushahidi umo katika kazi zilizofuata. Kati ya mwaka 1976 na 1980 aliunda migongo 80 ya binadamu waliokaa wakainama, kwa magunia yaliyoshikanishwa kwa gundi. Haina vichwa. Kwa mbele ni mitupu kama maganda. Si ya kike wala ya kiume. Mwandishi huyu wa nyuzi alikuwa mtoto wa miaka 13 wakati wa vita pale askari wa Kijerumani walipompiga mama yake risasi mkono ukakatika. Mwili katika kazi zake ni mwili uliotendwa, uliokatwa, unaobeba. Kuufanya fumbo la uzazi tu ni kutoona mgongo ulio mbele ya macho.

Ufumaji haukuandikwa katika damu ya mwanamke. Huko Ghana, wafumaji wa kente wa Kiasante kwa desturi ni wanaume. Pwani yetu, madema ya kuvulia samaki husukwa na wavuvi wanaume, na hakuna mhakiki aliyewahi kuliita dema tumbo la uzazi, ingawa nalo huingiwa. Kofia ya vito inayokaa kichwani mwa mwanamume siku ya Idi aghalabu imeshonwa na mwanamke aliyeinama nayo kwa wiki nyingi. Huu ni mgawanyo wa kazi, si maumbile. Na mgawanyo wa kazi una historia, una wanaofaidi na una wanaoumia mgongo.

Mwili wa mwanamke umo katika kiondo, lakini haumo kama sitiari. Umo kama chombo cha kazi. Uzi wa kiondo husokotwa pajani. Mwanamke hukaa, akaupitisha mkonge juu ya ngozi ya paja lake kwa kiganja, mbele na nyuma, mpaka nyuzi mbili zishikane. Anayefanya hivyo miaka mingi, paja huota sugu. Kila mzingo wa kiondo umepita juu ya ngozi ya mtu. Huu ndio mwili ambao uhakiki wetu unauogopa: si mwili unaoashiria kitu kingine, bali mwili uliochoka. Mwanafunzi yule alikuwa ameandika katika pendekezo lake kwamba wasusi huhesabu urefu wa uzi kwa mapaja. Ni kipimo, ni istilahi na ni wasifu kwa pamoja. Profesa aliyemkatiza alisema kwamba neno hilo halifai katika tasnifu.

Kiswahili, hata hivyo, hakikuogopa. Mnapofika pwani mtasikia neno moja likimtaja mdudu afumaye na vazi jeusi limsitirilo mwanamke: buibui. Mwaka 1999 Bourgeois aliunda buibui wa chuma mwenye kimo cha zaidi ya mita 9, akamwita Mama kwa Kifaransa, kwa kumkumbuka mama yake aliyekuwa akikarabati mazulia. Wahakiki wa Ulaya wameandika mengi kueleza jinsi mfumaji, mama, kitisho na stara vinavyoweza kukaa katika umbo moja. Msomaji wa Kiswahili hupewa hayo yote katika neno la siku zote. Kwa nini basi hatujaandika hata makala moja juu yake? Kwa sababu tunasubiri wao watuambie kwamba ni jambo la kuandikiwa.

Pingamizi la Haki

Lipo pingamizi moja ambalo halikutolewa siku ile lakini linastahili jibu. Je, kuitukuza kazi ya mikono si kumrudisha mwanamke jamvini? Rozsika Parker, katika kitabu chake cha mwaka 1984 juu ya utarizi nchini Uingereza, alionyesha kwamba sindano ilitumika kuwafunza wasichana kukaa kimya, vichwa vimeinama, na papo hapo ikawa silaha ya kusema yaliyokatazwa. Yote mawili ni kweli hapa kwetu. Wapo wasichana waliosuka ukili huku kaka zao wakienda shule. Leso ileile inayombebesha mwanamke jina la kumsuta jirani, mahali ambapo mdomo wake umefungwa na heshima, ndiyo anayofungwa nayo kiuno siku ya kuingizwa katika utii. Hatutaki uhakiki wa kusifu. Anayekipigia kiondo makofi kwa sababu ni cha jadi hakihakiki, anakiaga.

Wala hatusemi kwamba kila kiondo ni sanaa. Viondo vilivyofumwa kwa agizo la duka la watalii, rangi zikiwa zimechaguliwa na mtu asiyejua kusokota, huweza kuwa vimekufa kama shairi la kumsifu kiongozi lililoagizwa kwa ajili ya sikukuu. Tunachodai ni haki ya kuhukumu, na hukumu huhitaji maarifa. Naomi Wanjiku Gakunga, msanii Mkenya aliyesomea Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda Marekani, ameyachukua mabati na nyaya za chuma, akazishona na kuzifuma mithili ya nguo, akiwakumbuka wanawake wa vikundi vya mabati waliochangiana shilingi ili kila mmoja wao aezeke nyumba yake. Kutu imeachwa ifanye kazi ya rangi. Mhakiki asiyejua jinsi kiondo kinavyoanzwa kitakoni, wala vikundi vile vilivyoendeshwa, ataona mabati mazuri yenye kutu. Hataona mjadala juu ya nani huiweka nyumba juu ya kichwa cha nani.

Hitimisho

Tunadai mambo manne. Kwanza, istilahi za wasusi, washonaji na wafumaji zikusanywe na idara zetu kwa uangalifu uleule tunaoupa msamiati wa ushairi, kabla wenye kuzijua hawajaisha. Pili, anayekwenda kurekodi fasihi simulizi aandike pia mikono ilikuwa ikifanya nini. Tatu, kila kazi inayotajwa katika tasnifu itajwe kwa jina la aliyeifanya kwa idhini yake, na neno jadi lisitumike kuficha uvivu wa kuuliza. Nne, hakuna jopo lenye haki ya kulitupa pendekezo kwa kicheko. Likatae kwa hoja au lilikubali.

Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Kwa muda mrefu pete hiyo tumekuwa tukivishana sisi wenyewe, kwa vidole ambavyo kazi yake kubwa ni kufungua kurasa.

Mwanafunzi yule aliandika tasnifu juu ya usawiri wa wahusika wa kike katika riwaya mbili. Ilikuwa kazi safi. Jopo lilelile liliipitisha bila masahihisho makubwa, na mwandishi wa makala haya alitia sahihi yake. Siku ya mahafali alimuuliza zile daftari mbili ziko wapi. Alijibu kwa adabu, kama ajibuvyo mtu asiyetaka kumwaibisha mkubwa wake: “Moja alichukua mama, mwalimu. Ile nyingine sijui.” Daftari hiyo bado inatafutwa.